Kisa cha "Kwa Fundi": jina lilivyokaribia kuuza uwanja wa mtaa

Mgeni alifika saa nne asubuhi, futi kamba mkononi, na kijana wa kumshikia ncha ya pili. Akapima upande wa barabara, akapima upande wa mkungu, akaandika kwenye daftari. Dereva wa bodaboda aliyemleta alikuwa bado kakaa juu ya pikipiki yake. Mgeni akamuuliza hapa panaitwaje. Kwa Fundi. Huyo Fundi mwenyewe yuko wapi? Alishafariki. Na warithi wake? Dereva, bila kuwaza baya lolote, akanyoosha kidole kwenye nyumba ya pili kutoka kona.

Kufika adhuhuri mgeni alikuwa ameketi na wapwa wawili wa marehemu, bei imeshatajwa.

Hivyo ndivyo lilivyoanza shauri lililotuchukua karibu msimu mzima wa mvua katika mtaa wetu hapa Mtwara mjini. Nilikuwa mwandishi wa vikao vyote vinne na muhtasari wake ninao. Majina ya watu nimeyaacha, na jina la mtaa pia, kwa sababu wahusika ni majirani zangu na tunaendelea kuishi pamoja. Lakini kisa chenyewe nataka kijulikane. Jina tulilompa mtu kwa heshima lilikaribia kuuza mahali alipotujengea, na sijui ni mitaa mingapi mingine inalala juu ya jina la namna hiyo bila kujua.

Palikuwa shimo

Ukitaka kuelewa ugomvi huu, anza na udongo. Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipotaka bandari ya kusafirishia karanga za mradi wake wa Nachingwea. Karanga hazikuzaa kama walivyohesabu, mradi ukafa 1951, na reli ya kutoka hapa kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji ukabaki. Watu walioshuka kutoka Newala na vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, na wengine waliotoka Mikindani, wakajenga pembezoni mwa viwanja vilivyopimwa. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, na kila nyumba ya udongo inaacha shimo mahali.

Letu lilikuwa kubwa. Wazee wanasema lilichimbwa na kila aliyejenga, mwaka baada ya mwaka, hadi likawa refu kuliko mtu mzima. Mvua za huku zina msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na muda wote huo shimo lilikuwa dimbwi. Mbu walizaliwa humo. Mbuzi walizama. Mama mmoja alimtoa mwanawe humo akiwa hajitambui, na mtoto akapona. Leo ni baba wa watoto wawili, na ndiye aliyefungua kikao cha kwanza kwa dua.

Fundi tunayemzungumzia alikuwa muashi. Kazi alifundishwa na mjomba wake huko Mikindani, kilomita kama kumi kutoka hapa, ambako nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ambako Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limesimama hadi leo. Vijana wetu wanajua mfuko wa saruji, na tangu kiwanda cha Dangote kianze kazi hapa Mtwara mwaka 2015 mfuko wenyewe hautoki mbali. Yeye alijua kupanga magogo, kuweka matumbawe juu yake, kuyachoma mpaka yageuke chokaa, kisha kuimwagia maji na kuiacha ilale. Hata alipojenga kwa saruji alipenda kutia chokaa kidogo kwenye mota. Alisema inaufanya ukuta upumue.

Alianza na maji. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko yale mabaraza ya mawe ya kukalia ambayo watu huyapiga picha. Alichimba mfereji kutoka ukingo wa shimo hadi kwenye korongo la chini, akaujengea kwa mawe pande zote mbili, ili mvua ikija ipite. Ndipo akaanza kufukia. Na alifukia kwa nini? Miaka hiyo watu walikuwa wanabomoa nyumba za udongo na kujenga za tofali. Kifusi kilikuwa kila kona, na mwenye nyumba alimlipa mtu akakitupe. Fundi akapita nyumba kwa nyumba akiomba kile kifusi kiletwe shimoni. Kwa hiyo kuta zilizotoka katika shimo lile zilirudi katika shimo lile. Mawe walibeba vijana. Mchanga na maji walibeba wanawake, kwa ndoo na karai, jioni baada ya shughuli zao. Mifuko ya saruji ilichangwa msimu wa korosho, watu walipokuwa na fedha.

Kisha mabaraza, manne. Nilikuwa kijana wakati huo na nilimsaidia siku chache, nikichanganya mota, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Kabla ya kujenga baraza la kwanza alipanga mawe makavu, bila mota, akamwita bibi mmoja jirani. "Bibi, kaa." Bibi akakaa. "Sasa inuka." Bibi akainuka kwa kujisukuma na mikono. Fundi akasema bado iko chini, akaongeza safu ya mawe. Bibi akakaa tena, akainuka bila mikono. Hapo ndipo akavuta uzi, akashusha timazi, akaanza kujenga. Kingo zote alizizungusha kwa mgongo wa mwiko ili zisikate nyuma ya goti. Juu ya baraza la mwisho, niru, yaani lipu laini ya juu, ikiwa bado mbichi, alitengeneza bao: mashimo 32, thelathini aliyabonyeza kwa kitako cha kikombe cha bati, na yale mawili ya nyumba akayachonga mraba kwa ncha ya mwiko. Bao hilo linachezwa kila siku mpaka leo. Katikati akapanda mkungu.

Hakuna aliyetoa tangazo la jina. Watu walianza tu kusema "tukutane kwa fundi", kwa sababu jioni yoyote ungemkuta pale, anaziba ufa au anafagia majani. Alipofariki jina likaendelea.

Neno "kwa"

Kiswahili chetu cha mjini kina desturi ya kuita mahali kwa mtu aliyepazoeleka. Dar es Salaam kuna Sinza Kwa Remmy, kwa sababu mwanamuziki Remmy Ongala aliishi pale. Kuna Mtoni Kwa Azizi Ali. Majina haya hayakupitishwa na kikao. Yalitoka midomoni mwa abiria na makondakta. Ni tofauti na uwanja wetu wa mpira hapa Mtwara, ambao ulipewa rasmi jina la Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa kusini aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Huko jina lilishuka kutoka juu likiwa limeandikwa. Huku linapanda kutoka chini likiwa linasemwa tu.

Na "kwa" ya midomoni haina madai ya mali. Ukisema unakwenda kwa Asha, unasema ni wapi utamkuta Asha, hata kama nyumba ni ya kupanga. Anayeshuka Kwa Remmy haamini kwamba kituo kilikuwa shamba la Remmy. Mzungumzaji na msikilizaji wanajuana, na neno linakaa salama kati yao.

Mambo yalibadilika lilipowekwa kwenye chuma. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi. Nyumba zikapewa namba, njia zikapewa majina, nguzo zikasimikwa. Mtaani kwetu tuliitwa tupendekeze majina na tulifurahi kweli kweli. Njia inayopita kando ya uwanja tukaiita Kwa Fundi kwa sauti moja, na nguzo ikasimama pale kona, hatua chache kutoka kwenye mkungu. Naisifu kazi ile. Tangu siku hiyo gari la wagonjwa haliulizi njia. Kosa tulilifanya sisi wenyewe: hatukujiuliza mgeni asiyetujua atasoma nini.

Mgeni alisoma mali. Aliona kibao cha chuma kinachosema Kwa Fundi, akaona nyuma yake eneo safi lisilo na nyumba, karibu na barabara, katika mji ambao bei ya viwanja ilipanda tangu habari za gesi zilipoenea na haijawahi kusahau. Akahitimisha kwamba eneo lilikuwa la mtu aitwaye Fundi na sasa ni la warithi wake. Simlaumu sana. Alisoma kilichoandikwa.

Vikao viwili vilivyopotea

Hapa ndipo uchambuzi wangu unapouma, kwa sababu nilikuwa mezani na kalamu mkononi.

Taarifa ya bei ilipovuja, watoto wa marehemu walikuja juu. Kikao cha kwanza kikaitishwa. Wapwa wakasimama wakasema, kwa adabu, kwamba mila za huku zinajulikana. Kwa Wamakonde, kwa Wamakua, kwa Wayao na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mrithi wa mwanamume ni mtoto wa dada yake. Fundi mwenyewe alirithi ufundi na vifaa kwa mjomba wake. Leo mjomba amekufa, wapwa ndio hawa. Watoto nao wakajibu kwamba baba yao alikuwa Mwislamu na alizikwa Kiislamu, na mirathi ya Kiislamu ina mafungu: mjane thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki ni cha watoto. Palipo na watoto, mpwa hana fungu.

Pande zote mbili zilizungumza vizuri sana. Mashehe waliulizwa, wazee wa ukoo waliitwa kutoka kijijini. Kikao cha pili kilianza baada ya swala ya alasiri kikaisha usiku. Nilijaza kurasa kumi na moja. Na katika kurasa hizo zote hakuna mahali mtu aliposimama akauliza: kwani hapa kuna cha kurithi? Tulibishana nani mrithi wa mali ambayo hakuna aliyethibitisha kuwa ilikuwa ya marehemu. Jina lilikuwa limeshatujibia swali hilo kabla hatujaliuliza, na jibu lake tukalimeza hata sisi tuliojua historia yote ya shimo. Mimi nikiwamo, na nilikuwa nimechanganya mota pale kwa mikono yangu.

Aliyetutoa gizani ni mjane. Kikao cha tatu aliomba nafasi akiwa amekaa. Mwenyekiti akasema, "Sema, mama." Akasema mume wake hakuwahi kununua pale wala kugawiwa. Akasema jambo ambalo wengi tulikuwa hatujalisikia: kwamba miaka ya ujana wake, kabla ya kuoa, Fundi alifanya kazi ya kuchimba na kuuza udongo, na sehemu kubwa ya shimo lile ilichimbwa na mikono yake. Siku mtoto alipotolewa majini, Fundi hakula. "Alikuwa anarudisha," akasema. Kisha akawageukia wapwa na watoto kwa pamoja. "Udongo wa nyumba yangu ulitoka pale. Wa huyu ulitoka pale, na wa yule. Kama ni cha kurithi, turithi sote."

Nilitazama mpwa mkubwa. Aliwahi kuwa saidia fundi wa mjomba wake kwa miaka mingi, na alikuwa ameinamisha kichwa.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Watu watatu tulitumwa kwenye ofisi ya mipangomiji kuomba kuonyeshwa ramani ya eneo letu, na pale palipo na mkungu ramani inaonyesha eneo la wazi. Tungeweza kufanya hivyo siku ya kwanza. Ardhi yote ya nchi hii, kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu binafsi anachomiliki ni haki ya kuikalia. Haki hiyo Fundi hakuwahi kuwa nayo pale wala hakuwahi kuidai. Mtu hawezi kuwaachia warithi kitu ambacho hakuwa nacho. Mgeni aliandikiwa barua akaonyeshwa nakala ya ramani, akafunga daftari lake. Fedha zilikuwa hazijatoka mkononi, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Kibao kiandikwe nini

Kikao cha nne kilihusu jina, na huko nyuma nilidhani kingekuwa kifupi.

Wapo waliotaka jina la Kwa Fundi lifutwe kabisa kwa kuwa limetuponza, paitwe Bustani ya Amani au kitu kama hicho. Nililipinga hilo kwa nguvu zangu zote na bado nalipinga. Jina la namna ile linaweza kukaa popote, halimwambii mtoto chochote kuhusu mawe anayokalia. Na halitasemwa. Dereva wa bodaboda ataendelea kusema Kwa Fundi, na kibao kitabaki peke yake.

Wengine, hasa watoto wa marehemu, walitaka jina lake kamili, kama lile la uwanja wa mpira. Hoja hii ilikuwa na uzito na niliielewa: mtu aliyefanya kazi maisha yake yote aitwe kwa jina, si kwa kazi. Lakini nilipotaka kuliandika, ikabidi niulize ni lipi. Kulikuwa na jina alilopewa alipozaliwa, jina alilotoka nalo jandoni, na jina la kwenye kitambulisho ambalo karani mmoja aliliandika kwa herufi zake mwenyewe. Familia ikajadili mbele yetu bila kuafikiana. Zaidi ya hapo, jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesharithishwa kwa mjukuu anayesoma darasa la tatu, na mjane hakupenda jina la mtoto aliye hai lisimame barabarani kwenye nguzo.

Ndipo mzee mmoja akasema kwamba yeye alimjua marehemu zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kumwita kwa jina jingine isipokuwa Fundi, na marehemu aliitikia. Kwetu fundi ni cheo. Mtu anaitwa hivyo na wakubwa wake na wadogo zake, mkewe akimtuma mtoto anasema kamwite Fundi. Katika mtaa wenye waashi saba, neno hilo bila nyongeza lilikuwa lake peke yake. Sikuona jina gani lingemzidi hilo.

Kwa hiyo Kwa Fundi likabaki, ila si peke yake. Tulikubaliana kibao kipya kisimame ndani ya uwanja wenyewe, mbali na nguzo ya njia, na kiseme mambo matatu. Mpangilio wa maneno ulituchukua saa mbili. Mimi nilishikilia kwamba shimo litajwe. Baadhi ya wajumbe waliona ni kumwaibisha marehemu kusema alichimba. Mjane akasema hana aibu nalo, na liandikwe. Kibao kikatoka hivi:

KWA FUNDI
Palikuwa shimo tulilochimba sote. Fundi alituongoza kulifukia.
ENEO LA WAZI LA WANANCHI. HALIUZWI.

Neno la mwisho watu walilitoa kwenye zile nyumba zilizoandikwa kwa rangi ukutani NYUMBA HII HAIUZWI. Kila Mtanzania analijua na kila tapeli analijua. Mimi naliona ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote pale juu, kwa sababu ndilo linalorekebisha "kwa".

Kibao hakina nguvu ya sheria, na hili nimelisema kikaoni mpaka nikaonekana msumbufu. Kinachokinga uwanja ni ramani, pamoja na watu wanaojua kwamba ramani ipo. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa kila miaka mitano, na jalada la ofisi linaweza kupotea siku ya makabidhiano. Tulipotafuta muhtasari wa mkutano wa majina wa 2022 hatukuupata. Kwa hiyo safari hii nakala za muhtasari na ramani zimewekwa mahali patatu: jalada la mtaa, ofisi ya kata, na sanduku la mjane, alikoziweka pamoja na mwiko wa mumewe. Kama mtaa wako una uwanja unaoitwa kwa jina la mtu, nenda kaulize ramani inasemaje wiki hii, kabla hajafika mwenye futi kamba.

Mwiko haukukaa sandukuni muda mrefu. Mwezi wa tano, mvua zilipokatika, baraza la upande wa mfereji lilionekana limetitia. Mpwa mkubwa alikwenda kuuomba kwa mkazamjomba wake. Alifumua mawe yote, akayasafisha, akayapanga upya makavu. Kisha akamwita mjane atoke nje aje akae.

Akakaa, akainuka kwa kujisukuma na mikono.

"Bado iko chini," akasema. Akaongeza safu.